Usijitungie vipimo vyako, shoga

Za siku shoga yangu,

Proposo yako ya utafiti nimeisoma yote, mpaka ile page ya bajeti. Topiki naikubali kabisa, dawa za presha kwa wajawazito ndo kitu tunachokihitaji huku, ila pale kwenye matokeo utakayopima umejitungia vya kwako na hapo ndo nataka tubishane kidogo.

Umeandika “mama kuwa na hali nzuri”. Hali nzuri ndo nini? We utasema presha kushuka chini ya 140 kwa 90, mwenzio wa Kampala atasema ni mama kuruhusiwa mapema, mwingine atahesabu waliodegedeka tu, alafu akija mtu kuzijumlisha hizo tafiti zenu tatu apate jibu moja anakwama maana kila mmoja kapima chake. Na sio stori, kuna watu walikaa wakapitia majaribio ya tiba 79 ya presha ya mimba (ile pre-eclampsia), wakakuta yamepimwa matokeo tofauti 119. Ugonjwa mmoja jamani!

Na kuna kitu watu hawakisemi wazi. Ukipima vitu thelathini, kuna uwezekano mkubwa kimoja kikutolee namba tamu kwa bahati tu, basi hicho unakipandisha kwenye muhtasari na vingine unavifukia huko nyuma. Ukiwa na orodha iliyokubalika kabla hata hujaanza, huna pa kujificha.

Orodha ipo tayari, ndo raha yake. Mwaka 2014 wahariri wa majarida ya uzazi waliungana wakaanzisha CROWN ili tafiti ziwe na vipimo vya msingi vinavyofanana, na 2020 ikatoka ya presha ya mimba, mradi wenyewe unaitwa iHOPE. Hawakukaa maprofesa peke yao, walikuwemo na wanawake waliowahi kuugua, wakawa wanapiga kura raundi kwa raundi. Vimebaki vitu 22, vya mama 14 na vya mtoto 8: mama kufariki, degedege, kiharusi, figo kufeli, maji kwenye mapafu, kondo kuachia kabla ya wakati, kwa mtoto kuna kuzaliwa mfu, umri wa mimba alipozaliwa, uzito, kusaidiwa kupumua na kadhalika. Umeona presha yenyewe haimo? Na kwako ndo umeiweka namba moja. Ipime tu, hakuna anayekukataza, ila namba ya mashine sio kitu kinachompata mama, kiharusi ndo kinampata.

Sasa mimi hiyo orodha nayo siipokei yote kichwakichwa. Humo kuna vimeng'enya vya ini na chembe sahani (zile za kugandisha damu), na we unajua maabara zetu za wilaya, kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kikiisha kimeisha, utabaki na data ina mapengo kibao. Andika mapema sampuli zitapimwa wapi na nani analipa. Alafu yule mama ambaye mwaka mzima baada ya kujifungua bado anameza vidonge vya presha, kwenye zile 22 hayumo. Hapo ndo uongeze cha kwako, orodha ni kiwango cha chini tu, sio ukuta.

Lingine, kukubaliana jina la tokeo bila kukubaliana linapimwaje ni kazi bure. Chukua mfano wa damu inayomtoka mama baada ya kujifungua. Unaijua wodi ya leba, damu iko kwenye kanga, kwenye pedi, nyingine imeingia chini ya mpira wa kitanda, nyingine kwenye beseni imechanganyika na maji ya uzazi, alafu mtu anaangalia kwa jicho anaandika mililita 250, faili baada ya faili 250! Ule utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama zaidi ya laki mbili, walimtandikia mama plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita na wakaambatanisha matibabu yote kwa pamoja. Wanaovuja damu kupita kiasi waligunduliwa asilimia 93, na kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida ni 51, yaani nusu walikuwa wanapita hivihivi. Waliopata madhara makubwa ya damu walikuwa asilimia 1.6, na kwenye zile za utaratibu wa kawaida 4.3. Kwa hiyo kwenye damu usiandike “itakadiriwa”, andika chombo gani, mpaka saa ngapi baada ya kuzaa, na nani anasoma.

Ingia tovuti ya COMET, inayokusanya orodha kama hizi, ni bure, tafuta presha ya mimba, zichukue zote 22 na maelezo yake kama yalivyo, alafu chagua moja iwe ndo tokeo kuu na usiibadilishe ukishaanza. Supavaiza wako akilalamika ni vingi mwambie vingi viko kwenye faili tayari, kinachotakiwa ni fomu nzuri ya kuvichomoa.

Nitumie hiyo page ya matokeo tu kabla hujapeleka kamati ya maadili, wiki hii niko naiti ntaisoma wodi ikitulia.

Wako,
Mwanaidi