Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Nguruwe anayekataliwa mchana hununuliwa usiku

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Salaam. Mwezi uliopita mchuuzi alikuja kwangu kununua nguruwe. Tukamlaza chini, akampachika kijiti mdomoni, akauvuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake. "Huyu ana punje, mama." Punje ni vifuko vyenye mabuu ya tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Akawasha pikipiki, akaenda zake. Saa mbili usiku simu ikaita: ni yeye, anamtaka nguruwe yuleyule kwa nusu bei.

Nilikataa. Ila nisijifanye mtakatifu, ingekuwa wiki ya michango ya shule sijui ningejibu nini.

Nyama ya namna hiyo haioni muhuri. Huchinjiwa migombani, alfajiri iko njiani kwenda Tunduma, jioni ni kitimoto na ndizi. Ikiiva sawasawa, punje zinakufa. Ikiliwa na damu mfupani, mlaji anaweza kuondoka na tegu.

Hapa wengi huchanganya. Nyama huleta tegu wa tumboni. Kifafa kinachotokana na tegu huletwa na mayai yake, yanayotoka na kinyesi cha mwenye tegu na kuingia kwenye maji, mchicha au mikono ya mpishi. Ukiyameza, vifuko vinaweza kujijenga ubongoni. Kwa hiyo hata jirani yangu, mtu wa swala tano, hajasalimika. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, asilimia 30 ya kifafa chanzo chake ni tegu huyu. Huku kwetu bado tunasema mtu karogwa.

Mkaguzi akikuta punje, mzigo unateketezwa na mfugaji anarudi mikono mitupu. Nani atampeleka nguruwe wake machinjioni kwa hiari? Dawa ipo, oksifendazoli: dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa nguruwe huua vifuko vya kwenye nyama, mradi usubiri wiki kadhaa kabla ya kuchinja. Ifikisheni vijijini kwa bei tunayoiweza, mfugaji awe na njia nyingine zaidi ya simu ya usiku.

Na tumeni watu wa afya pamoja na wa mifugo. Nguruwe wangu nilimfungulia baada ya mavuno, akala kinyesi cha mtu. Maana yake kuna mwenye tegu karibu na kwangu, pengine ndani ya nyumba yangu, na hakuna aliyekuja kutupima.

Nguruwe bado yupo bandani. Mchuuzi amepiga tena juzi.

Wako,
Mfugaji, Nyanda za Juu Kusini