Salamu za sikukuu kutoka Kimara, mwaka huu tunaenda kuhesabiwa

Ndugu zangu, jamaa, marafiki, majirani na wale tuliopotezana kitambo, habari zenu. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya 2026. Kila mwaka huwa nawatumia ile picha ya mshumaa na maneno mawili matatu yanaisha, ila mwaka huu nimeshindwa kutuma picha. Nimekaa hapa kibarazani Kimara toka saa mbili usiku, watoto wamelala, nikasema ngoja niandike yaliyopo moyoni, atakayefika mwisho afike na atakayeishia njiani basi salamu keshazipata.

Mnajua mnavyotutania Wachagga ikifika Desemba, eti tunaenda kuhesabiwa. Stendi ya Mbezi imejaa, watu wamebeba mchele na mafuta na magodoro, mtu akikuona tu na begi anakuuliza vipi, unaenda kuhesabiwa? Sijawahi kuuchukia huo utani kwa sababu kwetu ni kweli kabisa. Mama yangu yuko Rombo na anahesabu. Usiku wa tarehe 24 anachukua tochi anapita chumba hadi chumba anahesabu vichwa, watoto wake, wakwe, wajukuu, mpaka mgeni aliyefuatana na mjukuu, na akikosekana mmoja anauliza yuko wapi na halali mpaka ajibiwe. Asubuhi yake anaingia kihambani, shambani kwetu kwenye migomba, kwenye makaburi, la baba, la babu, la mdogo wangu aliyefariki akiwa na miaka minne, anaondoa majani makavu ya migomba na kufagia moja moja. Kwa mama mtu hatoki kwenye hesabu hata akifa.

Na Krismasi yenyewe si ndo ilianzia hapo? Yusufu na Mariamu walienda Bethlehemu kwa sababu Kaisari katoa amri watu waandikwe, kila mtu kwao, Mariamu na mimba yake ile ya siku za mwisho, wakafika hakuna nafasi, mtoto akazaliwa zizini. Alafu haikuchukua muda Herode akaingiwa na hofu ya kiti chake, ikabidi wakimbie usiku kwenda Misri na huku nyuma watoto wa watu wakauawa. Nimeisikia hii tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza ila mwaka huu ndo imeniingia. Kaisari alikuwa anahesabu ajue ana watu wangapi. Mama anahesabu ajue nani hayupo.

Sasa niseme lililonikalisha hapa. Nina wasiwasi na nchi yangu, wasiwasi wa kukosa usingizi.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 12, tunakaa Manzese. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule ndo uchaguzi mkuu wa kwanza toka vyama vingi virudi. Baba alivaa shati lake jeupe la kanisani akaenda kupanga foleni kabla hakujapambazuka, vifaa vikachelewa, sehemu nyingine havikufika kabisa, akarudi usiku hajapiga kura na shati limejaa vumbi. Mnaokumbuka mtanisaidia, uchaguzi wa Dar ulifutwa ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Baba akavaa shati lile lile. Mama akamwambia unaenda kupoteza siku nyingine bure, mzee akamjibu, "Wakihesabu nataka na mimi niwemo." Alikuwa fundi seremala, hakuwa mtu wa siasa, ila lile neno nimekua nalo.

Na kuna jambo lingine la miaka ile ambalo vijana wengi hawalijui. Kabla ya vyama vingi kurudi kulikuwa na tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikazunguka kuuliza wananchi, asilimia kama 80 wakasema tubaki na chama kimoja, 20 wakasema tunataka vingi. Kwa hesabu ya haraka haraka kesi ilikuwa imeisha. Lakini tume ikasema hawa 20 nao ni Watanzania na ni wengi mno kuachwa nje, Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwa ndiye aliyefungua mjadala, na 1992 sheria ikabadilishwa. Hebu fikirieni jamani, chama kilichokuwa na kila kitu mkononi kinakubali kufungua mlango kwa ajili ya wachache. Nikiambiwa nitaje kitu ninachojivunia katika nchi hii nitataja hicho kabla ya Mlima.

Ndo maana inauma kuona tulipofika. Na hatujafika kwa siku moja. 2014 tulikuwa na rasimu ya Katiba ya tume ya Jaji Warioba, wananchi walitoa maoni mpaka vijijini, ikaenda Bunge Maalum Dodoma ikatoka imebadilika, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa na mpaka leo naandika haijafanyika. 2016 Bunge laivu likakatwa, mikutano ya hadhara ikazuiwa hadi Januari 2023, tena kuruhusiwa kwake nilifurahi kwakweli na nilimsifia Rais Samia mbele za watu. Lakini 2019 kwenye serikali za mitaa wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa makosa ya kujaza fomu, mitaa ikapita bila kupingwa, ushindi wa CCM, chama tawala, ukawa asilimia 99, na sisi tukaendelea na shughuli zetu, tukasema ni mwenyekiti wa mtaa tu huyo. Na mimi nilisema hivyo. Nilikuwa nimekosea, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa ndo anayekugongea mhuri wa barua, ndo mtu wa kwanza unayemchagua unayemjua kwa sura, ukizoea kutomchagua huyo utazoea mengine.

Tarehe 29 Oktoba mwaka huu, miaka 30 kamili toka siku ya baba, niliamka mapema nikaenda kituoni. Foleni hakuna. Karatasi ina wagombea urais 17 na chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakimo, kiliondolewa toka Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, mwenyekiti wake Tundu Lissu yuko ndani kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo kaenguliwa, mahakama ikamrudisha, akaenguliwa tena. Nilisimama na ile karatasi muda mrefu mpaka msimamizi akaniuliza mzee kuna shida? Kura yangu ni siri yangu ila niliyokuwa nayo rohoni pale kibandani ilikuwa huzuni.

Mchana mnajua, maandamano. Ubungo, Magomeni, huku kwetu Kimara, moshi, milio, watu wanakimbia na viatu mkononi. Jioni tukatangaziwa saa kumi na mbili kila mtu ndani. Intaneti ikazimwa siku karibu tano, biashara yangu ya vifaa vya umeme ikasimama, lakini hilo la biashara nimelisamehe. Simu ya kawaida iliposhika mama akapiga, hakuuliza nani kashinda, aliuliza "mko wote?"

Matokeo yakatoka, Rais Samia asilimia 97.66, waliojitokeza asilimia 87. Mi sina mahali pa kubishana na hizo namba na hata ningekuwa na la kusema pa kulipeleka hapapo, ibara ya 41 ya Katiba yetu inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 2015 Magufuli alitangazwa na asilimia 58, Lowassa wa upinzani akapata karibu 40, na ile 40 ilikuwa inaonekana. Ulikuwa unajua kwenye daladala hii ya watu 30 kuna 12 wanawaza tofauti na wewe na bado mnapeana chenji. Ukiniambia leo ni 97.66 nawatafuta majirani zangu ninaowajua kwa sauti zao, wanabishana kila siku kwa kinyozi, siwaoni humo ndani ya hesabu.

Nina shemeji yangu ni balozi wa nyumba kumi wa CCM, mtu mwema, ndiye aliyesimamia msiba wa baba toka mwanzo mpaka mwisho. Nilimuuliza shem, wewe umefurahi? Akakaa kimya muda, akasema sikutaka tushinde hivi. Nampenda zaidi kwa lile jibu. Najua kuna wengine mtaniambia nchi ina amani niache kuandika mambo haya sikukuu, na amani mimi naipenda, nimelelewa nayo, nimeoa na kuzaa ndani yake. Ila sa hivi mtu kwenye mwendokasi akitaka kusema neno anaangalia kwanza nyuma, vijana wanafuta meseji kabla ya kutoka nyumbani, mwanangu wa kidato cha pili kaniambia baba usiandike hiyo. Amani niliyoijua mimi haikuwa na kunong'ona.

Sasa niwaambie habari ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni mama wa Tanga, mjane, mtoto wake wa kiume ana miaka 22, bodaboda, kijana wa kuamkia watu wote mtaani. Alitoka mchana ule wa tarehe 29 na hajarudi. Mama wa watu kazunguka hospitali, kazunguka vituo, kazunguka vyumba vya maiti, mimi mwenyewe nimemsindikiza mara tatu, tunaambiwa hayupo kwenye daftari. Hayupo kwenye daftari, basi, nenda. Wanawake wa mtaani walitaka kukaa matanga akakataa, ziliposogea siku 40 ndugu zake wakasema tusome khitma, akawaambia siwezi kumsomea khitma mtu ambaye sijamzika. Kila magharibi anawasha taa ya nje na haizimi mpaka asubuhi. Tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, miaka 64, sherehe zimefutwa, barabara nyeupe kama mji umehama, saa sita mchana nikachungulia ile taa bado inawaka.

Rais ameunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Naiombea kwa moyo wote na sisemi hivi kwa adabu tu. Naomba ifanye kama mama na tochi yake, iende nyumba kwa nyumba iulize nani hayupo, wa raia na wa askari, iandike jina, iandike umri, iandike alikotoka na alikoonekana mara ya mwisho, na wenye miili wapewe miili yao wazike. Kuhusu Katiba mpya na Tume ya Uchaguzi ambayo kila mtu ataiamini nina mengi ya kusema na nitayasema mwakani, ila kwa sasa siwezi kuongelea vifungu wakati kuna mama anawasha taa.

Wiki iliyopita nilimwambia jirani, twende wote Rombo, ubadilishe hewa. Akasema jirani, mimi Muislamu, nikafanye nini kwenye Krismasi ya watu. Nikampigia mama nikampa simu. Waliongea kama dakika ishirini, mimi nimesimama nje ya mlango, nasikia tu huyu anasema ndiyo mama, ndiyo mama, alafu akalia, alafu akacheka kidogo. Aliponirudishia simu mama alikuwa keshapanga yote, mbuzi atachinjwa na Muislamu wa pale sokoni, chumba ni kile cha kwangu mimi na mke wangu tutalala sebuleni. Kisha akaniuliza kijana anaitwa nani. Nikamtajia. Akasema haya, tarehe 24 nikipita na tochi nitamuuliza na yeye yuko wapi.

Basi tunaondoka tarehe 22, gari la saa kumi na moja alfajiri, nimeongeza tiketi moja. Mtakaobaki Dar mtusaidie kuangalia ile taa, ufunguo nimeuacha kwa shemeji. Krismasi njema wapendwa wangu.