Risala ya Klabu ya Sheria na Mdahalo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, wakili wetu. Wenzetu waliposikia unakuja walituuliza: mnamwalikaje mtu anayetetea wezi? Tulikosa jibu, tukaingia maktaba. Huko tulikutana na Denis Nowell Pritt.

Mgeni Rasmi, Pritt alikuwa wakili Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1887. Mwaka 1952 alikubali kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano, walioshtakiwa kwa kuiongoza Mau Mau. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali na macho ya watu. Mawakili walikosa hata pa kulala, wakawa wanatoka Kitale na kurudi. Alipopeleka simu ya maandishi London kulalamika kwamba haki inanyimwa, akashtakiwa yeye kwa kudharau mahakama! Alipoachiwa, alirudi kuwahoji mashahidi kama kawaida. Tarehe 8 Aprili 1953, Jaji Thacker aliwafunga wote sita miaka saba na kazi ngumu.

Mwaka 1958 shahidi mkuu wa kesi ile, Rawson Macharia, aliapa kwamba alitoa ushahidi wa uongo.

Mwaka huohuo Pritt, akiwa mzee wa miaka 70, alikuja hapa Dar es Salaam kumtetea Mwalimu Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wa kikoloni katika gazeti la TANU. Mwalimu alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Kesi zote mbili Pritt alishindwa, nasi tulikuwa tukidhani wakili hodari hashindwi. Kilichotugusa ni kwamba baada ya Kapenguria hakukataa kuitwa tena. Wenzetu sasa tunawajibu kwa Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu: mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Hata anayeitwa mwizi.

Mgeni Rasmi, klabu yetu ina nakala moja tu ya Katiba, na kurasa zake zimeanza kuchomoka. Tunaomba utusaidie nakala nyingine, pamoja na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ombi letu la pili ndilo kubwa zaidi: siku utakapokuwa na shahidi wa kumhoji, uturuhusu tuje kukaa nyuma mahakamani, kimya, tusikilize.

Tunaomba kuwasilisha.