Mama, nimeonana na yule wa kofia

Maskati, Ijumaa usiku

Assalamu alaykum mama yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, mie huku mzima wa afya, alhamdulillahi, wasiwasi wangu ni juu yenu tu. Goti linaendeleaje? Fedha za dawa nimempa jirani yangu anayekuja Unguja wiki ijayo, atakufikishia mkononi.

Sasa nikupe habari. Yule mtu wa kwenye simu, tuliyekuwa tukitumiana picha za kofia miaka miwili hii, nimeonana naye jana. Najua kaka atanuna. Alinionya kwamba mitandaoni kumejaa matapeli, na alikuwa na haki ya kunionya, kwa hiyo nilijihadhari: sikumkaribisha kwangu wala sikwenda kwake. Tulipanga Mutrah, kando ya bahari mbele ya soko, baada ya Magharibi watu wakiwa wengi, na nilifuatana na mwenzangu ninayesomesha naye skuli ya watoto.

Sisi tulikuwa tukiandikiana tu, sauti yake sikuwahi kuisikia. Picha aliyoweka ni kikuba cha asumini. Kwa utani wake nilimdhania rika langu, nikawa namwita shoga. Basi mama, mlango wa gari unafunguka, anashuka mtu mzima wa makamo yako na zaidi, bakora mkono huu, mjukuu mkono huu! Niliinama nikamshika mkono, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Leo si shoga tena?" Baada ya hapo kimya. Sisi ambao usiku wa manane hatuishiwi na la kuandikiana, tumekaa ubao mmoja tunatazama majahazi.

Kilichotufungua kinywa ni kofia. Nilimchukulia ile ya viua niliyoianza Ramadhani. Hakusema ahsante. Aliigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye mwanga wa taa, akapitisha ukucha juu ya kiua kimoja kimoja, polepole, kama anayehesabu tasbihi. Akasita kwenye viwili, vimekaa pamoja karibu na ukingo. "Hapa ulikuwa hujiwezi," akasema. Na kweli mama, ndizo siku zile nilizokuwa na homa, wewe sikukwambia ili usikose usingizi. Unisamehe. Mtu hajakaa nami hata nusu saa, kaiona homa yangu kwenye uzi. Machozi yalinilenga pale pale. Nikajua ndiye, ndiye yule yule wa miaka miwili.

Tangu hapo hatukunyamaza mpaka Isha. Kazaliwa Sokomuhogo. Walipoondoka mwaka 1964 alikuwa na miaka tisa, wakakaa Dubai, na Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 ndipo wakaanza kufikiria kuja huku. Kiswahili chake ni kile cha marehemu bibi hasa, "kunradhi" na "pahala" kila sentensi, nikawa namchokoza maneno ili nimsikie tu. Tulikula mishkaki, na huku nako jina ni hilo hilo. Yule mjukuu anajua "njoo" na "kula" basi, na nyanya yake analisikitikia sana jambo hilo.

Kushona kafundishwa na mama yake, barazani, nje ya nyumba yao. Na hapa ndipo ninapokuomba, mama. Siku utakayokwenda Darajani, goti likikuruhusu, pitiliza mpaka Sokomuhogo. Namna ya kuifikia nyumba nitakutumia kwa sauti, kanielekeza kichochoro kwa kichochoro kama katoka jana. Usibishe hodi, kasisitiza sana hilo, wanaokaa humo wasisumbuliwe. Anataka picha ya baraza peke yake.

Anasema upande wa kulia wa mlango, juu kidogo ya baraza, ukutani palikuwa na ufa, na mama yake alikuwa akichomeka sindano humo kukiadhiniwa, asije mtoto akaikalia. Labda umeshapakwa chokaa. Hata ukiwa umezibwa, piga picha pahala penyewe, karibu, simu uishike kwa mikono miwili isitikisike.

Nisalimie wote, na kaka mwambie anapewa salamu na bibi wa mtandaoni.

Wasalaam,
Mwanao