Lenzi za kubadilika rangi: uliza plastiki, si rangi peke yake

Mhariri,

Katika maduka ya miwani Arusha na Moshi, lenzi za kubadilika rangi zinauzwa kwa maelezo ya sentensi moja: ukitoka juani zinakuwa nyeusi, ukiingia ndani zinakuwa nyeupe. Mnunuzi anapanda gari, lenzi haibadiliki, anarudi kudai kauziwa feki. Mara nyingi lenzi haina kosa. Mwenye kosa ni aliyeiuza bila kueleza.

Ndani ya lenzi za plastiki za aina hii kuna molekuli za rangi, nyingi za jamii ya naftopairani. Miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikizipiga, kifungo kimoja kati ya kaboni na oksijeni hukatika, pete hufunguka, na vipande vyake hujizungusha hadi molekuli inakuwa bapa. Hapo ndipo inapofyonza mwanga tunaouona, na lenzi inatiwa giza. Joto huifunga tena. Giza unaloliona, basi, ni matokeo ya vuta nikuvute kati ya miale inayofungua na joto linalofunga.

Kazi kubwa ni huko kujizungusha. Plastiki ya akriliki hulainika karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, ile ya polikaboneti karibu na 150. Usoni pa mtu, kwenye nyuzi 30 hivi, minyororo ya plastiki imekaza, na molekuli iliyomo ni abiria aliyebanwa kwenye Hiace iliyojaa: atageuka kwa kadiri ya upenyo uliobaki ubavuni mwake. Nafasi hizo hazilingani. Ndiyo maana lenzi haififii kwa mwendo mmoja. Giza kubwa huondoka mapema, kisha ukijivu wa mwisho unakawia dakika nyingi. Lakini kubanwa hakuchelewishi kila mara. Ziko molekuli zilizopindishwa kwa shida ambazo hurudi upesi kuliko zingerudi ndani ya kimiminika, kwa kuwa plastiki yenyewe inazisukuma. Hilo huwashangaza hata waliosoma kemia.

Mwaka 2005 watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa sayansi la Australia, walishikiza mkia laini wa silikoni kwenye molekuli ya rangi, ukawa unaizunguka ndani ya plastiki ngumu, na kasi ya kubadilika ikapanda sana. Viwandani njia iliyozoeleka kwa polikaboneti, ambayo haipokei rangi hii vizuri, ni kuipaka tabaka jembamba la poliyurethini, plastiki nyingine, lenye rangi, kisha juu yake tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo. Usidhani ulaini ni faida tupu. Plastiki ikilegea, oksijeni nayo hupenya kwa urahisi, na oksijeni ikikutana na urujuanimno ndiyo inayoichosha rangi. Lenzi iliyochoka huwa na unjano chumbani, na juani haifikii tena giza lake la zamani.

Kuhusu gari: kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati unaozuia karibu urujuanimno wote. Dereva wa Arusha–Moshi achukue miwani ya jua ya kawaida, au aulize lenzi iliyotengenezwa kuitikia pia mwanga unaoonekana.

Joto nalo lisisahaulike. Lenzi ileile itakuwa na giza hafifu Moshi mjini mchana wa Februari, na nyeusi zaidi Marangu asubuhi ya Julai yenye jua. Kibo, mlimani Kilimanjaro, juu ya mita 4,700, urujuanimno ni mwingi na baridi ni kali: lenzi inatiwa giza sana, na mwongozaji wa wapanda mlima akiingia hemani anakaa muda mrefu haoni vizuri. Hata hivyo, lenzi nyingi za aina hii huishia daraja la 3 la giza la miwani ya jua, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Kwenye theluji na barafu linafaa daraja la 4, asilimia 3 hadi 8, ambalo halifai kabisa kuendeshea gari.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Funika nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, iweke juani dakika mbili, kisha iangalie kivulini juu ya karatasi nyeupe. Mpaka kati ya nusu hizo mbili uonekane wazi, na giza liwe sawasawa bila mabaka. Hesabu muda wa kufifia. Tochi ya urujuanimno ya muuzaji, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, haikuambii lenzi itafanyaje saa saba mchana.

Kwa mafundi: rangi iko upande wa mbele, kwa hiyo nguvu ya lenzi isagwe kwa nyuma. Pashieni fremu joto, si lenzi, maana tabaka la juu hupasuka nyufa ndogondogo. Asetoni, kile kiyeyushio cha kusafishia, isikaribie polikaboneti. Na mteja akivunja lenzi moja ya miwani ya zamani, mshaurini abadili zote mbili, kwa sababu ile iliyochoka haitalingana na mpya, wala kwa giza wala kwa kasi.

Fundi lenzi,
Moshi