Kocha asipimwe kwa vikombe pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoota mizizi miongoni mwa mashabiki wa soka nchini na, jambo linalosikitisha zaidi, miongoni mwa viongozi wa klabu zetu, ya kumhukumu kocha kwa idadi ya vikombe alivyotwaa bila kuuliza alikabidhiwa nini na amekifanyia kazi gani.

Tuutazame msimu wa 2024/25 wa Simba chini ya kocha Fadlu Davids. Alipokea timu iliyotoka kumaliza Ligi Kuu katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, na iliyokuwa imeagana na wachezaji wake kadhaa wazoefu, akiwemo Clatous Chama aliyehamia kwa watani wao Yanga. Kikosi kilikuwa kipya kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kiliwania ubingwa hadi mechi ya mwisho dhidi ya Yanga, kikamaliza na pointi 78 dhidi ya 82 za bingwa, na Jean Charles Ahoua, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza nchini, akawa mfungaji bora kwa mabao 16. Katika Kombe la Shirikisho Afrika, Simba ilifungwa 2-0 na Al Masry nchini Misri, kisha ikarudi Uwanja wa Benjamin Mkapa na kulipa mabao yote mawili kupitia Elie Mpanzu na Steven Mukwala kabla ya kushinda kwa penalti, safari iliyoifikisha fainali dhidi ya RS Berkane. Fainali ikapotea kwa jumla ya mabao 3-1, na mara moja yakaanza maneno kwamba kocha huyo hana kitu kwa sababu hakuacha kikombe. Kwangu mimi, kuitoa timu pale ilipokuwa na kuifikisha pale ndani ya msimu mmoja ni kazi kubwa kuliko ubingwa wa kocha aliyerithi kikosi kilichokamilika.

Watani nao wana mfano wao. Kati ya Machi na Aprili 2024, Yanga ya kocha Miguel Gamondi ilitoka sare tasa mara mbili na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kule Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba wa juu na kudunda chini, wachezaji wa Yanga wakashangilia, mwamuzi akakataa, na timu ikatolewa kwa penalti 3-2. Lau bao lile lingekubaliwa, Gamondi angesifiwa kuwa bingwa wa mbinu, ilhali mazoezi aliyoyasimamia na mpangilio wa ulinzi uliowazuia Sundowns kwa dakika 180 vingebaki vilevile. Tena msimu huohuo alitwaa Ligi Kuu, na bado Novemba 2024 akafutwa kazi baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United. Kwa hiyo hata hao wanaotuambia kwamba vikombe ndiyo kipimo hawakiheshimu. Wanachokitazama ni matokeo ya wiki iliyopita.

Sisemi kwamba vikombe havina maana. Kocha anayesajiliwa kila mchezaji anayemtaka, halafu akamaliza msimu mikono mitupu, anapaswa kujieleza. Lakini kwa kipimo cha vikombe pekee, David Ouma aliyeifikisha Coastal Union nafasi ya nne katika msimu wa 2023/24, na hivyo kuipatia Tanga tiketi ya michuano ya Afrika, hatakaa atajwe miongoni mwa makocha bora, na makocha wazalendo wanaofundisha timu zenye bajeti ndogo watazeeka bila kufikiriwa na klabu kubwa.

Ninaziomba kamati tendaji za klabu zetu ziandike katika mkataba, siku kocha anapotia saini, mambo atakayopimwa nayo: nafasi inayotarajiwa kwa kikosi alichonacho, wachezaji vijana atakaowapandisha na kuwapa dakika za kucheza, na namna timu inavyocheza dhidi ya wapinzani walioizidi uwezo. Tathmini ifanyike mwisho wa msimu, na wanachama wasomewe ripoti yake katika mkutano mkuu.

Mpenzi wa soka,
Temeke, Dar es Salaam