Marashi ya bahari hayakamuliwi baharini

Mhariri,

Kila sikukuu na msimu wa harusi ukikaribia, maduka ya marashi ya kupima hujaa chupa za buluu zilizobandikwa maneno "asili ya bahari" au "maji safi". Mnunuzi huambiwa kuwa ndani mna kitu kilichokamuliwa baharini. Si kweli. Na kwa kuwa wauzaji wadogo wengi sasa wanachanganya wenyewe, tunaomba nafasi tueleze harufu hiyo inavyopatikana, na kwa nini nyingi zinazouzwa huishia kunukia tikitimaji.

Maji matupu hayana harufu. Anachonusa mtu ufukweni ni kile kinachoishi na kuoza ndani ya maji. Siku za bamvua, maji yakishakupwa, puani hupanda salfa ya matope ya mikoko, mwani uliobaki juani, na dimethili salfaidi inayotokana na mimea midogo ya baharini. Hiyo ya mwisho huchemka kwenye nyuzi 37, yaani joto la mwili wa mtu, hivyo ukiipaka haikai hata kidogo. Ndiyo maana mchanganyaji hana njia ila kuigiza.

Kiigizo kikuu ni Calone, kemikali iliyogunduliwa katika maabara za Pfizer mwaka 1966. Ilianza kutumika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha manukato kama L'Eau d'Issey ya 1992 na Acqua di Giò ya 1996 yakaizoesha dunia nzima harufu ya "maji". Calone hunukia upepo wa bahari, chaza mbichi na tikitimaji kwa pamoja. Ikiwa kidogo, pua husoma bahari. Ikizidi, husoma tunda.

Ili kupata gramu 10 za mafuta ya harufu kwa jumla, mchanganyiko huu wa kemikali za manukato na mafuta ya mimea unafaa kuanzia: Hedione gramu 4, inayofungua hewa ndani ya harufu, mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya limau, 1.5, dihidromirsenoli 0.8, yenye ubaridi kama wa nguo iliyofuliwa, Helional 0.5, ambayo ndiyo hasa inayoleta umajimaji wenye ukali wa chuma. Iso E Super 1.5 kwa ajili ya harufu ya mbao. Ambroxan, yenye harufu ya ambari, iliyoyeyushwa kwa asilimia 10, gramu 1.2, Calone ya asilimia 10, gramu 0.3 tu, na dondoo ya mwani wa kahawia ya asilimia 10, gramu 0.2. Hiyo gramu 0.2 ndiyo inayoleta chumvi. Bila mwani unapata sabuni.

Calone na Ambroxan huja kama chembe ngumu. Ziyeyushe kwanza kwenye dipropilini glaikoli, kiyeyushi kisicho na harufu, chupa ikiwa ndani ya maji ya moto, gramu 1 kwa gramu 9. Usipime chembe kavu moja kwa moja: mizani ya sonara inayosoma 0.01 ikikosea alama moja kwenye gramu 0.03, ambayo ndiyo Calone kavu iliyo ndani ya ile gramu 0.3, umeshakosea theluthi nzima. Na usihesabu matone, maana tone la mafuta mazito si sawa na tone la mafuta mepesi. Bergamoti iwe ile iliyoondolewa viambato vinavyounguza ngozi juani, na isibadilishwe kwa mafuta ya ganda la ndimu yaliyokamuliwa bila moto, kwani hayo yakipigwa na jua ngozini huleta malengelenge na madoa.

Gramu hizo 10 zitie kwenye gramu 57 za ethanoli ya asilimia 96, uziache gizani wiki tatu. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Mafuta hujitenga na chupa hufanya ukungu. Methanoli ni sumu inayopenya ngozi, isiguswe kabisa. Rangi ya buluu tunaipinga pia: haiongezi harufu, na huacha doa kwenye kanzu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni la pua. Calone huichosha pua upesi. Mchanganyaji akishaacha kuisikia, huongeza. Kesho yake mtu mwingine akinusa anakutana na tikitimaji lililolala. Nusa mara moja, toka nje, rudi baada ya saa moja, na karatasi ya kunusia uiache mpaka asubuhi. Calone huwa bado ipo.

Wateja wetu wengi wa pwani wanataka mafuta yasiyo na alkoholi, na haki yao ni hiyo. Lakini mafuta huzuia bergamoti kupaa, hivyo Calone hubaki mbele peke yake. Ipunguze iwe nusu.

Anayetaka harufu ya maji isiyo ya kuigiza aitazame Kannauj, India, wanakotengeneza uturi wa udongo, mitti. Vigae vya udongo vilivyochomwa hutiwa pamoja na maji kwenye chungu cha shaba, mfuniko ukazibwa kwa udongo, na mvuke hupita kwenye mwanzi hadi chombo kilichozamishwa kwenye maji ya baridi, ndani yake mna mafuta ya msandali. Maji hutengwa, kazi hurudiwa siku kadhaa. Kinachopatikana ni harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, ile ambayo Isabel Bear na Richard Thomas wa Australia waliipa jina la kisayansi mwaka 1964. Ndani yake mna geosmini, kemikali inayotolewa na bakteria wa udongo, na pua ya mtu huitambua ndani ya maji hata ikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Chupa ya mitti ikiwa rahisi mno, uliza kama msandali haukubadilishwa kwa parafini.

Tunachoomba kwa wenye maduka ni kibandiko cha kweli: "harufu ya kuigiza bahari", aina ya kiyeyushi, na tarehe ya kuchanganywa. Helional huharibika ikikutana na hewa na joto, na chupa inayokaa dirishani kwenye jua la Mombasa haifai kuuzwa kama mpya.

Wachanganyaji wa manukato,
Mombasa